Jinsi ya kushona mfuko wa sokoni wa kugawa bure, kwa kitambaa kisichotakiwa tena

Tangu tuanze kukutana kila Jumamosi kwenye baraza la mwenzetu kushona mifuko ya kugawa sokoni, maswali ya wanaojiunga ni yaleyale. Khanga kuukuu inafaa? Nikate inchi ngapi? Sina cherehani, nije na nini? Na linaloulizwa kuliko yote: kwa nini mkanda wa mfuko wangu umeng'oka siku ya kwanza? Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayekuja Jumamosi ijayo ajue aanzie wapi, na aliye mbali nasi aanzishe kikundi chake bila kupitia makosa tuliyopitia sisi.

Wengi mnakumbuka mfuko wa rambo, ule wa plastiki. Tanzania Bara ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi. Bibi zetu walikuwa wakienda sokoni na kikapu cha ukindu, na rambo ilipoondoka tungeweza kukirudia. Badala yake tumezoea mifuko mbadala ya kununua, inayochanika baada ya safari chache, na vile vifungashio laini vya nailoni ambavyo kisheria ni vya kufungia bidhaa, si vya kubebea. Pita genge lolote jioni uone nyanya za fungu moja zinatiwa kwenye nini. Mfuko tunaoushona sisi unakunjwa ukaingia kwenye mkoba au mfuko wa suruali, kwa hiyo mtu anakuwa nao hata siku ambayo hakupanga kwenda sokoni.

Jambo moja ulishike kabla ya kugusa mkasi. Mfuko wa bure ukiwa dhaifu, aliyepewa hautumii mara ya pili, na hapo kitambaa, uzi na Jumamosi yako vimekwenda bure. Kwa hiyo kila kipimo hapa chini kimewekwa kwa ajili ya mzigo wa kweli: unga kilo 5, viazi kilo 2 na kabichi juu yake.

Na usinunue kitambaa kipya kwa kazi hii. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa hesabu kwamba mfuko wa pamba ya kawaida, ukijumlisha athari zake zote kwa mazingira, unatakiwa kutumika mara 7,100 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki. Hesabu hiyo ni ya pamba mpya, iliyolimwa, ikasokotwa na kutiwa rangi kwa ajili ya mfuko. Pazia lililokwisha kazi yake dirishani halidai tena maji wala shamba. Faida yetu yote iko hapo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kitambaa kilichofuliwa na kukauka (aina zake nimezieleza kwenye hatua ya 1).
- Uzi wa polista. Uzi wa pamba uliokaa kabatini miaka mingi hukatika. Jaribu kuukata kwa mkono, ukikatika kirahisi uache.
- Sindano za cherehani namba 14 na 16, na namba 18 kama una jinzi.
- Mkasi wa kitambaa peke yake. Ukikatia karatasi leo, kesho utatafuna khanga.
- Futi ya kupimia, ubao au rula iliyonyooka, na chaki. Kipande kikavu cha sabuni ya mche kinachora vizuri na kinatoka kwa maji.
- Pini, na wembe wa kufumulia.
- Pasi, ya umeme au ya mkaa.
- Katoni ya kukatia kiolezo.
- Cherehani yoyote inayoshona mstari ulionyooka. Ile nyeusi ya kukanyaga kwa mguu inatosha kabisa, na kwenye kitambaa kizito naiamini kuliko nyingi ndogo za umeme.

Kama huna cherehani, njoo hivyohivyo. Kukata, kupiga pasi na kuchambua kunachukua muda mwingi kuliko kushona, na cherehani moja inaweza kuwalisha watu wanne. Ukitaka kushona nyumbani kwa mkono, tumia uzi uliokunjwa mara mbili na mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma nusu ya hatua, inatoka tena mbele. Ni kazi ya jioni mbili kwa mfuko mmoja, lakini mshono huo haufumuki.

Hatua ya 1: Kusanya na uchambue kitambaa

Anzia kwa mafundi cherehani wa mtaani. Kila fundi ana kiroba cha mabaki chini ya meza, na wengi watakupa ukiomba kwa adabu na ukirudi siku uliyosema. Kisha majirani: mapazia yaliyopauka, mashuka, mashati ya baba, khanga zilizochakaa. Wauza mitumba nao huwa na nguo za robota ambazo hazikuuzika, zenye doa au zipu mbovu.

Kila kipande kipitishe kwenye majaribio mawili. Kwanza kinyanyue kwenye mwanga wa jua. Ukiona vidole vyako waziwazi upande wa pili, ni chepesi mno kushonwa tabaka moja. Pili, kishike kwa mikono miwili na ukivute kwa nguvu, wima na kwa mapana. Kikitoa sauti ya kuchanika, kimeoza, hata kama rangi bado inang'aa. Mapazia ndiyo hudanganya sana hapa, kwa sababu jua la dirishani hula nyuzi kabla ya kula ua.

Pazia zito, kadeti, jinzi na kitenge kizuri hushonwa tabaka moja. Shuka huwa limekwisha katikati, mahali pa kulalia, kata pembeni. Shati la kiume mgongo wake unafaa, ila mara nyingi utahitaji kuunga.

Khanga naipa aya yake. Ni nyepesi, kwa hiyo lazima iwe tabaka mbili. Habari njema ni kwamba doti moja isiyochakaa, kila khanga ikiwa na takriban sentimita 150 kwa 110, inatoa mifuko mitatu ya tabaka mbili pamoja na mikanda yake yote sita, bila kubaki kitu cha maana. Ila soma jina kabla ya kukata. Kuna khanga zenye majina ya kumsema jirani au mke mwenza, na ukimpa mama wa watu mfuko wa namna hiyo katikati ya soko, hataamini kwamba ulikuwa wa bahati tu. Majina ya heri yapange yaangukie usoni mwa mfuko, watu huyapenda sana. Yale ya mafumbo yageuze yawe tabaka la ndani.

Usitumie kitambaa cha jezi au fulana, kwa maana kinanyooka na mfuko utafika magotini. Satini na nailoni laini zinateleza kwenye sindano ya anayeanza. Kitambaa chochote chenye madoa ya sare za jeshi kiache kabisa, hata kama ni kizuri na kigumu, sheria hairuhusu raia kuonekana nacho. Vitambaa vya vyama vya siasa sisi tunavitumia ndani tu, kwa sababu mfuko wa kugawa haupaswi kumchagulia mtu upande.

Hatua ya 2: Fua, jaribu rangi, piga pasi

Fua kila kitu kabla ya kukata, hata kile ulichoambiwa ni kisafi. Pamba hurudi ikifuliwa, na ukikata kabla, mfuko utajikunja kwenye mshono baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kitenge na khanga ambazo hazikuvaliwa sana huchuja: lowesha kona, ibane na kitambaa cheupe, usubiri dakika chache. Rangi ikihama, loweka na ufue mpaka maji yatoke meupe. Ikiendelea kuchuja baada ya mara tatu, usiitumie. Mfuko utalowa kwa samaki au mvua, na gauni la aliyepewa ndilo litakalolipa.

Pasi usiiruke. Kitambaa kilichokunjamana hakipimiki.

Hatua ya 3: Kata

Mafundi wetu hupima kwa inchi, nami nafuata hivyohivyo. Katoni ikate violezo viwili:

- Mwili: inchi 18 kwa 19.
- Mkanda: inchi 4 kwa 26.

Kunja kitambaa, weka ule ukingo wa inchi 18 wa kiolezo cha mwili juu ya mkunjo, chora, kata pande tatu. Ukifungua una kipande kimoja cha inchi 18 kwa 38, na mkunjo ndio utakuwa chini ya mfuko. Mfuko ambao chini yake hauna mshono hauna pa kuachia.

Kama kitambaa kina picha au maandishi yenye juu na chini, ukikunja hivyo upande mmoja utakuwa kichwa chini. Hapo kata vipande viwili vya inchi 18 kwa 20 na uviunge chini, kwa mshono uleule wa mbavu ulio kwenye hatua ya 5.

Mikanda ikate kwa kufuata nyuzi za mtande, zile zinazokwenda sambamba na ukingo mgumu wa kitambaa. Kwa mapana kitambaa huvutika. Unahitaji mikanda miwili kwa kila mfuko.

Onyo: mwili unaweza kuunga vipande mpaka vitimie, mshono nusu inchi, mara mbili, na huwa unapendeza. Mkanda usiuunge kamwe. Kama kitambaa hakitoshi urefu wa inchi 26, tafuta kingine cha rangi nyingine. Mikanda ya jinzi kwenye mwili wa khanga ni mchanganyiko ninaoupenda mimi binafsi, na inadumu.

Hatua ya 4: Tengeneza mikanda

1. Kunja mkanda katikati kwa urefu, upige pasi, kisha ufungue. Umepata mstari wa katikati.
2. Kunja kila ukingo mpaka ufike kwenye mstari huo. Piga pasi.
3. Kunja tena katikati. Sasa una mkanda wa upana wa inchi 1, wenye tabaka nne, na nyuzi zote zimefichwa ndani.
4. Shona karibu na ukingo ulio wazi, kisha upande wa pili, halafu mstari mmoja katikati. Mistari mitatu.

Mkanda wa tabaka mbili nimeuona ukikata kiganja cha mama aliyebeba viazi. Haukukatika, lakini mfuko aliuacha nyumbani. Tabaka nne zinaufanya mkanda uwe mnene kiasi cha kushikika.

Ukubwa wa mshono: kama mara 9 au 10 kwa inchi. Wanaoanza hudhani mshono mdogo sana ndio imara. Ukibana mno, sindano inatoboa kitambaa kama karatasi ya stempu, na kitachanika palepale.

Hatua ya 5: Shona mbavu

Njia hii haihitaji ovaloki, ile cherehani ya kufunga nyuzi za ukingoni, na ndani ya mfuko hapaonekani uzi unaoning'inia.

Kama ni khanga, anza kwa kuweka miili miwili pamoja, migongo ikitazamana, na uishone kuzunguka karibu kabisa na ukingo. Tangu hapo ihesabu kama kitambaa kimoja.

1. Kunja mwili katikati, uso wa kitambaa ukiwa nje. Ndiyo, nje. Kila anayeanza hapa hunisimamisha akidhani nimekosea.
2. Shona mbavu zote mbili, robo inchi kutoka ukingoni. Mwanzo na mwisho rudi nyuma mara tatu. Kama cherehani yako hairudi nyuma, acha sindano imezama kwenye kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, shusha mguu, na upite tena juu ya mshono.
3. Punguza nyuzi zilizochomoza kwa mkasi.
4. Geuza mfuko ndani nje, sukuma kona kwa ncha ya penseli, piga pasi mbavu.
5. Shona tena mbavu zilezile, safari hii nusu inchi kutoka ukingoni. Ule ukingo mbichi umefungiwa humo.

Kwa pazia nene na jinzi njia hii hutoa unene ambao sindano haiupendi. Hizo zikunje uso ukiwa ndani, shona nusu inchi mara mbili, halafu pitisha zigizaga ukingoni, au mpelekee fundi mwenye ovaloki rundo zima kwa pamoja. Wengi hawatozi wakijua mifuko inakwenda wapi, lakini uliza kwanza. Muda wake ndio ugali wake.

Hatua ya 6: Kona za chini

Bila hatua hii mfuko ni bahasha, na pakiti ya unga italala upande.

Mfuko ukiwa ndani nje, shika kona moja na uibonyeze mpaka mshono wa ubavu ulale juu ya mkunjo wa chini. Utaona pembe tatu. Pima inchi 2 kutoka nchani kwenda ndani, kwa kufuata mshono, kisha chora mstari wa kukatiza hapo. Mstari huo upime: lazima uwe inchi 4. Ukipata 3 na nusu, kona haijalala sawa. Shona juu ya mstari mara mbili. Fanya hivyo kona ya pili.

Ile pembe tatu usiikate. Ilaze kwenye sakafu ya mfuko uishikize kwa mishono michache. Ni tabaka la ziada mahali panapokaa uzito, na hujalipia chochote.

Hatua ya 7: Mdomo na mikanda

Hapa ndipo mifuko mingi tunayorudishiwa ilipoharibikia, kwa hiyo nenda taratibu. Usikubali kishawishi cha kushona mdomo kabla ya mbavu, eti kwa kuwa kitambaa bado kimelala na ni rahisi. Unene wa pindo ukikutana na mshono wa ubavu, utavunja sindano.

1. Mfuko bado uko ndani nje. Kunja mdomo nusu inchi, piga pasi. Kunja tena inchi 1 na nusu, piga pasi.
2. Tafuta katikati ya upande mmoja. Pima inchi 3 kushoto na inchi 3 kulia, weka alama. Hapo ndipo katikati ya kila ncha ya mkanda itakaa.
3. Ingiza ncha za mkanda chini ya pindo, mpaka zifike kwenye mkunjo wa juu kabisa, mkanda wenyewe ukining'inia kuelekea chini. Uangalie usiwe umejisokota. Bana kwa pini.
4. Fanya hivyo upande wa pili. Pima tena, mikanda yote miwili iwe sawa.
5. Shona mdomo kuzunguka, karibu na ukingo wa chini wa pindo, ukipita juu ya mikanda.
6. Sasa inua kila mkanda uelekee juu, na ushone mdomo tena kuzunguka, karibu na ukingo wa juu.
7. Juu ya kila ncha, ndani ya upana wa pindo, shona kisanduku chenye mistari miwili ya kukatizana ndani yake. Zunguka kisanduku mara mbili.

Mkanda wa mfuko mmoja una ncha mbili, mikanda miwili ncha nne, kwa hiyo mfuko una visanduku vinne. Mgeni akiniuliza kwa nini mkanda wake uling'oka, nageuza mfuko na kuhesabu visanduku. Mara nyingi sivikuti. Kuna mstari mmoja tu wa pindo, na kilo nane zote zilikuwa zikiuvuta uzi huohuo.

Kwenye cherehani ya kukanyaga, unapopita kwenye unene huu, acha kukanyaga na uzungushe gurudumu kwa mkono. Sindano haitavunjika, na jicho lako halitakuwa hatarini.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kugawa

Geuza mfuko upande wake, kata nyuzi zote zinazoning'inia. Funga mchanga mkavu kwenye kiroba kidogo, upime kilo 8 kwenye mizani ya gengeni, uutumbukize ndani na uutundike kwenye msumari mpaka kesho. Si lazima kila mfuko; mfuko wa kwanza wa kila mshonaji mpya, na mmoja kwa kila kumi baada ya hapo. Ukiona uzi umeachia sehemu yoyote, fumua urudie. Usimpe mtu kwa matumaini.

Hesabu pini. Zilizotoka kwenye kikopo zirudi zote. Mfuko huu utachezewa na mtoto siku hiyohiyo.

Ndani ya pindo andika kwa kalamu isiyofutika: BURE, HAUUZWI.

Hatua ya 9: Kugawa

Tulianza kwa kusimama mlangoni mwa soko na kumpa kila anayepita. Mifuko iliisha kwa saa moja, nasi tulifurahi sana. Wiki mbili baadaye sikuuona hata mmoja sokoni. Watu walikuwa wameupokea kama zawadi, wakauweka kabatini pamoja na sahani za wageni.

Sasa tunampa muuzaji. Mama wa genge anatundika mifuko mitano kando ya mizani yake, na mteja aliyekuja mikono mitupu anapewa mmoja, akiambiwa: njoo nao kesho. Maneno hayo yakitoka kwa mtu anayeonana naye kila siku yana uzito kuliko ya mgeni aliyesimama mlangoni. Namna hii si yetu peke yetu. Boomerang Bags, iliyoanza mwaka 2013 Burleigh Heads huko Australia, ilianza kwa kuweka mifuko iliyoshonwa na majirani madukani, mteja aazime na kurudisha. Kwetu wengi hawarudishi, wanaendelea kuitumia, nami sina tatizo na hilo hata kidogo. Ninachokitazama ni kama mfuko unaonekana sokoni.

Mwombe mama wa genge ruhusa kwanza, na uzungumze naye asubuhi, si saa kumi na moja jioni wateja wamemzunguka. Mpe wake mwenyewe, ulio mzuri kuliko yote. Na usimpe mifuko mingi kwa mkupuo, kwani ikiwa mingi inakuwa takataka ya banda lake.

Ukikwama

Uzi unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Kosa karibu kila mara liko juu, si kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Inua mguu unaobana kitambaa, chomoa uzi wote wa juu, upitishe upya kila mahali, ndipo ushushe mguu. Ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, hauingii kwenye sahani za kukazia.

Cherehani inaruka mishono. Badilisha sindano. Kama ni mpya, umeiweka vibaya: upande wake ulio bapa ukae kama cherehani yako inavyotaka, na isukume mpaka juu kabisa kabla ya kukaza skrubu.

Sindano inavunjika. Unavuta kitambaa. Mikono yako ni ya kuongoza tu, meno ya cherehani ndiyo yanayosogeza. Kama huvuti, basi sindano ni nyembamba kwa kitambaa hicho. Panda namba moja.

Cherehani ya kukanyaga inarudi nyuma na kukata uzi. Kila anayeanza hupitia hili. Anzisha gurudumu kwa mkono, likizunguka kuja upande wako, ndipo miguu ifuate. Fanya mazoezi dakika kumi bila uzi wala kitambaa, mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa, mpaka miguu yako izoee.

Kitambaa kinajikunja kwenye mshono. Uzi wa juu umekazwa mno. Legeza kidogo, ujaribu kwenye kipande cha mabaki hichohicho unachoshona, si kingine.

Doa la mafuta kwenye mfuko uliokamilika. Umetia mafuta cherehani na ukashona moja kwa moja. Baada ya kutia mafuta, shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka kitoke kikavu. Doa lisugue kwa sabuni ya mche likiwa bichi.

Mfuko umepinda, ubavu mmoja mrefu. Vipande havikukatwa pamoja, au kitambaa hakikupigwa pasi. Fumua pindo la mdomo, laza mfuko mezani, nyoosha mdomo kwa rula na mkasi, ushone upya. Utapoteza nusu inchi, na hakuna atakayejua.

Mkanda mmoja umeng'oka baada ya miezi. Huo rudisha, au mwambie mama wa genge auweke kando tuuchukue. Usishone juu ya tundu lilelile, kwa sababu kitambaa hapo kimeshatoboka. Kata kipande cha jinzi cha inchi 2 kwa 2, kiweke upande wa ndani wa pindo, nyuma ya mkanda, kisha shona kisanduku chako upya kikipita tabaka zote. Jumamosi tunatenga saa ya kwanza kwa matengenezo hayo, kabla ya kukata mfuko wowote mpya.